Siku Niliyomchoma Wafula kwa Bambo

Nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mnihukumu, ingawa najua mkifika mwisho mtanihukumu tu, na mimi mwenyewe nimeshajihukumu mara mbili, maana hesabu yangu yoyote huwa nairudia. Nilimchoma mtu kwa chuma mbele ya watu, mchana kweupe, mjini Nakuru, na mtu mwenyewe alikuwa rafiki yangu. Kibaya zaidi, wakati namchoma nilikuwa natabasamu.

Miaka ile ya hamsini mimi, Saidi, nilikuwa dalali wa mahindi karibu na stesheni ya reli. Yalikuja kwa lori kutoka Rongai na Kabazi, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna anayenidanganya. Chombo changu kilikuwa bambo, kile chuma kifupi chenye ncha kali na tundu katikati: unachoma gunia, punje zinateremka mpaka kwenye kiganja, unaona kama katikati wamefukia mabovu. Sikuwahi kuamini maneno ya muuzaji. Nachoma kwanza, halafu tunaongea. Wengine hutembea na kitana mfukoni, mimi nilitembea na bambo.

Wafula alikuwa hamali kwenye godauni nililokuwa nikipeleka mzigo. Siku moja aliteleza juu ya rundo la magunia (safu kumi na moja, nilihesabu baadaye, nikarudia, zilikuwa kumi na moja kweli) akaanguka chali kwenye sakafu. Hakulia. Aliuliza tu, "Miguu yangu imeenda wapi?" Sisi tukafanya tulichokijua, wawili kwapani, wawili miguuni, haya, moja, mbili, tatu, tukamrusha kwenye mkokoteni kama gunia lolote. Mguu wa kulia niliushika mimi.

Hospitalini tulimkuta Bwana Elia, dresa, yule wa kufunga vidonda na mifupa, mtu wa maneno machache. Akatuambia kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kamba laini inayopeleka habari kutoka kichwani mpaka miguuni, na mfupa ukivunjika, halafu mtu akakunjwa au akavutwa ovyo, kamba ile inaweza kuumia zaidi ya ilivyoumizwa na kuanguka kwenyewe. Kisha akauliza, "Mlimbebaje?" Tulipomwonyesha, aliinamia tena mgongo wa Wafula. Hakusema ni sisi, wala hakusema si sisi. Na Wafula hakutembea tena.

Baada ya mwaka hivi, fundi baiskeli mmoja alimtengenezea kiti cha magurudumu, na Elia akaja na wazo. Jumamosi saa ya chakula, uani pale pale kwenye godauni, mahamali wafundishwe namna ya kumwinua aliyeanguka: asikalishwe, asivutwe, shingo isigeuke, alazwe juu ya mlango au ubao, mikono iwe mingi. Wafula mwenyewe aeleze yaliyompata. Elia alikwenda mpaka ofisini kwa mkuu wa wilaya kuomba kibali, kwa sababu siku hizo za hali ya hatari watu kumi wakisimama pamoja waliulizwa wanapanga nini. Kulikuwa na jambo jingine pia. Mwenye godauni alikuwa amekubali kuja kusikiliza, na akimwona Wafula ametulia na kichwa chake ni kizima, angemweka mlangoni ahesabu magunia yanayoingia na kutoka. Kazi ya kukaa. Nekesa, mke wa Wafula, alimfulia shati akalipiga pasi mpaka kola ikasimama.

Basi Jumamosi ikafika. Wafula akaanza vizuri, "Ndugu zangu, mimi nilianguka pale," akaonyesha kwa kidole, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na mahamali walikuwa wanatafuna na kusukumana, na wa nyuma wakaanza kupiga kelele, "Sauti, bwana! Ongeza sauti!" Sasa mimi, mwenye deni la ule mguu wa kulia moyoni, na mwenye koo ambalo soko zima linalijua, nikamwinamia nikasema, "Wafula, niachie dakika mbili tu niwatulize."

Alinitazama. Akakubali kwa kichwa. Dakika mbili! Laiti angekataa.

Nikapanda juu ya gunia, nikafungua mdomo, na kilichotoka si mafundisho ya Elia, ni mnada. "Sogeeni, sogeeni, njooni mjionee kwa macho yenu!" Wapita njia wakaingia. Nilihesabu watu arobaini na mmoja, nikarudia nikapata arobaini na sita, nikafurahi kwamba biashara inakwenda. Mama mmoja mwenye kikapu akaniuliza, "Dawa yenyewe ni ya minyoo?"

"Si dawa, mama. Ni mgongo."

"Dawa ya mgongo ni bei gani?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo alipojitokeza Kiptoo, hamali mmoja mwenye mabega kama mlango na mdomo mkubwa kuliko mabega. "Huyu si mgonjwa," akasema, "huyu alichoka kubeba. Hata mimi mkinipa kiti chenye magurudumu, nitakaa!"

Kicheko kikawa kikubwa. Mimi nikasikia mnunuzi anayetilia shaka mali, na mnunuzi wa namna hiyo nilijua jibu lake ni moja tu. "Njoo basi umfinye mwenyewe!"

Kiptoo akaja, akamfinya Wafula paja. Wafula akasema, "Saidi, wacha." Alisema taratibu, na mimi kwa masikio yangu ya sokoni, "wacha" ya kwanza huwa haihesabiwi, ni mlango wa kuanzia maongezi.

"Anajikaza tu," Kiptoo akasema.

"Anajikaza? Huyu?" nikamjibu.

"Saidi, wacha," Wafula akarudia. Elia alikuwa nyuma kabisa, ndiyo kwanza anaubandua mlango wa stoo kwa ajili ya mafunzo, na mkono wangu ulikuwa umeshatoka mfukoni. Naapa nilikusudia kumgusa tu. Lakini bambo limetengenezwa kwa gunia la katani, na suruali si gunia.

Wakati ule ule mwenye godauni alikuwa ameingia getini, na Wafula amegeuza uso kumwamkia, "Jambo, bwana," kwa heshima, kola imesimama, anatabasamu. Chuma kikaingia, na tabasamu lake likabaki pale pale. "Mmeona?" nikapaza sauti. "Hata kope haikutikisika!" Nikawageukia watu nikingoja makofi.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanatazama mkono wangu. Damu ilikuwa inateremka kwenye tundu la bambo, inanijia kiganjani, vile vile punje zinavyokuja.

Nekesa akapiga ukelele. Wafula akafuata macho ya watu mpaka kwenye paja lake, akalitazama kama anayetazama kitu kilichoangushwa na jirani. "Hiyo ni yangu?" akauliza.

Elia alikuja mbio, akavua shati lake na kulikandamiza juu ya jeraha. Hakunipigia kelele (ningeshukuru angenipigia). Alisema, "Bwana Saidi, kidonda asichokisikia ndicho kinachoweza kumuua." Nilipoinua kichwa, mwenye godauni alikuwa ameshapanda gari lake. Na Kiptoo, wa mdomo ule, akavua kofia yake akaniambia, "Mzee, hata kwa gunia la mtu, mwenye adabu huomba ruhusa kwanza."

Jeraha lilioza. Wafula alilazwa hospitalini wiki saba. Kila siku nilipeleka uji, Nekesa akaupokea bila kunitazama, nikaachwa kwenye benchi la nje. Mjini waliniita Daktari wa Magunia, hata watu ambao sikuwajua.

Wiki ya saba Wafula akaniita ndani. Nikaanza maelezo yangu, kwamba nilitaka waamini, kwamba Kiptoo ndiye aliyenichokoza, kwamba chuma kiliteleza.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Maliza."

Nikamaliza.

"Nilikwambia wacha mara mbili," akasema. "Kilichovunjika ni mgongo, Saidi. Mdomo ninao. Sasa nenda kwa mwenye godauni umweleze ulichofanya, asije akadhani mchezo ule niliukubali."

Nikaenda. Nilisimama uani mbele ya mahamali wote, nikaeleza tangu dakika mbili mpaka damu, bila kupunguza kitu. Mwenye godauni alisikiliza, akasema atarudi kumsikiliza Wafula, ila safari hii nisimguse mtu.

Alirudi kweli. Wafula aliongea mwenyewe, kwa sauti ile ile ndogo, na walinyamaza mpaka tukasikia mabati yakilia kwa jua. Mimi nilipewa kazi moja, kuwa mtu aliyeanguka. Nililala chali sakafuni, Kiptoo akanishika kichwa kwa mikono miwili, wengine watano wakanipenyezea mlango chini ya mgongo, na Wafula kwenye kiti chake akawa anaamuru, "Shingo hiyo, Kiptoo. Pole pole. Wote kwa pamoja." Nzi akatua puani. Nikataka kusema mmoja anifukuzie, nikafungua mdomo.

"Nyamaza," Wafula akasema, "wewe umevunjika."

Walicheka mpaka mlango ukatikisika, na nilinyamaza. Wakanibeba kuzunguka uani, naongelewa juu ya kichwa changu, huyu apelekwe wapi, huyu ni mzito, huyu anasikia au hasikii, na hakuna aliyeniuliza mimi. Jumatatu Wafula alianza kazi mlangoni. Tangu siku ile sijasimama mbele ya watu kueleza mwili wa mtu mwingine, na sitasimama, hata aniombe mwenyewe.