Siku Kumi na Moja Bila Salamu

Jumatatu, Al Ansab

Kwa Mundhir,

Siku ya nne leo, na moyo wangu bado unakataa. Aliponipigia mtu kunambia umeanguka kwenye maegesho ya ofisini kwenu, funguo mkononi, nilimjibu, "Umekosea namba, bwana." Nikakata simu.

Tangu hapo nasoma wanavyokuandika mtandaoni. "Rafiki yangu kipenzi." "Ndugu yangu." Kila mmoja ana picha na wewe. Nawaonea wivu wote, sitaki kusema uongo.

Kwa wasiokujua: wewe ndiye yule wa Al Amerat, ng'ambo ya mlima, nyumba ya mbali kuliko wote, na kazini ukifika wa kwanza. Kisha ukilala robo saa ndani ya gari. "Mlima nishauvuka, sasa mniache," ukisema.

Kila Ijumaa ukiniletea vitumbua vya mama yako, viwili, ndani ya karatasi ya jikoni. Khalfan ukimpelekea vitatu. Najua kwa sababu niliuliza. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nauliza idadi ya vitumbua!

Mtoto wako wa kwanza ulimwita Khalfan. Nilikupa mkono wa hongera, nikaenda kukaa garini mpaka uso uliponirudia.

Sasa niseme Khalfan ni nani, na kwa nini.

Tulikuwa na miaka kumi na tano, sote watatu, shule ya bweni ya kijeshi. Kuingia ilikuwa kwa kuchaguliwa. Mama yangu alipita mtaa wetu wa Azaiba mzima akiwaonesha watu picha yangu na kofia.

Tulifundishwa kwamba anayebaki nyuma anawavuta wote. Bweni bora la wiki lilipewa bendera, ikatundikwa mlangoni. Sisi tuliikosa wiki tatu mfululizo kwa sababu ya Khalfan. Alikuwa na pumu, na kwenye mbio akimaliza anatembea.

Siku moja alilazwa zahanati ya shule. Akiwa huko, bweni letu likakubaliana: asisemeshwe na mtu mpaka aombe mwenyewe kurudi kwao. Hakuna mwalimu aliyetuamuru. Tuliona ni jambo la kiume.

Akarudi. Kila alfajiri akitoka kuoga anaingia na taulo begani, anasema, "Assalaamu alaykum." Vijana ishirini na kitu tunaangalia viatu vyetu. Brashi za viatu tu ndizo zinazosikika.

Siku ya tano, wewe ulikuwa umekaa kando yangu, unapiga rangi kiatu cha kushoto. Ukainua uso. "Wa alaykumus-salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh." Yote, mpaka mwisho, kwa sauti.

Nikakunong'oneza kwa Kiswahili cha nyumbani, si Kiarabu cha shule, "We, una nini? Si tumekubaliana?"

"Mmekubaliana nyinyi. Salamu hujibiwa."

"Utatukosesha bendera."

"Chukueni. Mkajifunike."

Mtu mmoja alicheka, akarudi haraka kwenye kiatu chake. Jioni ile tukakukatia salamu na wewe.

Siku kumi na moja. Ulikuwa ukinitolea salamu mimi kwa jina langu, nami nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Na siku hizo zote mlikuwa nyinyi wawili tu. Mnakula pamoja mwisho wa meza, mnakimbia pamoja nyuma ya wote, wewe ukipunguza mwendo kwa kusudi. Nikiwaona mnacheka. Sijui mlichekea nini, na mpaka leo nataka kujua.

Kidogo kidogo vijana wakachoka. Mmoja akajibu salamu, kisha wa pili. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipokujibu, uliniangalia ukasema, "Ah! Masikio yamepona?" Ukanipa nusu ya chungwa lako. Hukulitaja tena maisha yako yote.

Lakini ile nafasi ya ubavuni pako, aliyoichukua Khalfan, sikuipata tena. Urafiki wenu ulitengenezwa ndani ya zile siku, nami ndiye niliyewafungia humo.

Ijumaa, makaburini, Khalfan alishuka kaburini pamoja na wanao kukupokea. Mimi sikuitwa. Nilisimama nyuma na viatu vyangu mkononi, na wivu uleule wa utoto ukanishika hapo hapo, mbele ya maiti yako. Nisamehe.

Jana kwenye azaa, kikao cha msiba nyumbani kwako, Khalfan alikuja kukaa karibu yangu. Akanimiminia kahawa mwenyewe.

"Yakhe," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa karibu naye tangu utotoni. Nnakuuliza. Lile jambo la bweni, nani alilianza? Nlimuuliza Mundhir miaka yote hii. Akinambia, 'Watoto wale, nani anakumbuka?'"

Mundhir, wewe ulikumbuka. Ulikuwepo niliposimama juu ya kitanda kuwaambia.

Nami nikanywa kahawa, nikasema, "Wallahi sikumbuki."

Nimeapa uongo nyumbani kwako, siku ya tatu ya msiba wako.

Khalfan, fikra ilikuwa yangu. Si ya bweni, yangu mimi. Nilingoja umelazwa ndipo nikasema. Na Mundhir alipokujibu, mimi ndiye niliyesema, "Na huyu pia."

Ningeweza kukupigia simu. Lakini nakujua, utasema yameshapita, nami nitalipokea hilo mbio mbio na kukata. Nilikukata mbele ya watu, basi nakwambia mbele ya watu. Nnakuomba radhi. Ukikataa ni haki yako, na hapa chini wote watalisoma jibu lako.

Mundhir, miaka thelathini umenifichia siri hii kwa mtu uliyempenda kuliko mimi. Hata kwa hilo nakuonea wivu, maana mimi nisingeweza.

Umetangulia, ndugu yangu. Mola akulaze pema. Na huko uliko, mimi pia nikumbuke.