Chumba cha Mama Lin kule Buffalo

Aprili 2015 nilimpeleka Mama Lin Buffalo kumwona mkwewe ambaye hakuwahi kumtia machoni. Mama Lin ni Mchina; tulifunga maboksi pamoja kwenye ghala moja hapa Louisville. Hana gari, mimi ninalo. Mwanawe, Jun, alioa Mmarekani bila kumwambia, wakanuniana miaka miwili. Kisha huyo mke, Carrie, akaandika barua: wana "little room", lakini aje. Tuliisoma wote wawili na Kiingereza chetu cha ghalani, tukaelewa ametengewa chumba kidogo. Mama Lin akashona pazia la chumba hicho.

Ijumaa asubuhi tulitoka Highview, mtaa wa hapa Louisville. Njia nzima alinieleza chumba ambacho hajakiona.

Saa nane mchana tulikuwa Columbus, karibu na Morse Road, kwa Mama Riziki, Mkongo niliyesali naye zamani. "Bon, mukule kwanza, njia iko murefu," alisema, akatuwekea ugali na sombe, yaani kisamvu. Binti yake Aline, mwanafunzi wa sekondari, akaisoma barua. Akatueleza kwa Kiingereza, polepole: pasipo "a" mbele, hicho si chumba kidogo. Maana yake nafasi karibu hakuna.

Mama Lin akaweka kijiko chini. "Ananikataa. Na pazia nitundike wapi? Dada, turudi."

"Kama anakukataa, mbona ameandika uje?" nikamwuliza.

Akamgeukia Aline. "Herufi moja tu?"

"Moja tu."

"Lugha gani hii," akasema, akarudia ugali.

Tukalala hapo kwa Mama Riziki, na Jumamosi jioni tuliingia Black Rock, mtaa wa Buffalo. Kweli nyumba ilikuwa finyu, mbao za ukarabati zimejaa ukumbini. Carrie akafungua mlango, tumbo la miezi minane mbele yake. Akamshika Mama Lin mkono, akauweka tumboni mwake: "Our little one."

Mama Lin akaninong'oneza, "Na hii ina maana gani?"

"Hii maana yake ni mjukuu wako."

Alilia, kisha akamwuliza Jun kwa Kichina jambo refu lililomfanya Jun ainamishe kichwa. Usiku Carrie alimwachia kitanda. Mama Lin akakataa kumtoa, wakakilalia wote wawili, Jun akaishia sakafuni.

Jumapili asubuhi begi lilikuwa tayari garini Carrie alipomwomba akae "a little longer".

"Siku ngapi hizo?" Mama Lin akaniuliza. Sikujua, nikamwuliza Carrie.

"Mpaka mtoto atembee."

Mama Lin akashusha begi.

Nilirudi Louisville peke yangu, nikiwaza. Kwetu nako "mdogo" si kimo tu: nikisema mdogo wangu, hata akinipita urefu hakuna anayeshangaa. Kiingereza kimenifundisha kumwuliza aliyesema, kabla sijafurahi wala kununa. Kama Mama Lin angeishia kwenye barua, angegeuza njia pale Columbus.