Niliomba karatasi, wakachukua mtumbwi wa mama

Habari zenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Admin, naomba ulifiche jina langu na usitaje kijiji chetu, maana huku ziwani tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari, na ninaishi na mama na wadogo zangu wawili kando ya ziwa la bwawa, nje ya Kolwezi. Baba alikwenda Mutshatsha kuchoma makaa. Huko ana nyumba nyingine sasa, kwa hiyo tumwache.

Mama anatulisha kwa mtumbwi. Asubuhi anavusha samaki kutoka kambi ya wavuvi hadi upande wa soko, halafu anarudi na mtumbwi mtupu. Mtumbwi mtupu upepo unauchezea, ndiyo maana wanawake wote wa hapa huweka mawe chini kabla ya kurudi, wakifika wanayatupa. Wakati wa likizo, kazi ya kuokota mawe ni yangu.

Alhamisi ya wiki iliyopita mawe ya ufukweni yalikuwa yameshaokotwa na wenzetu waliotutangulia. Nikapanda hadi kando ya barabara, pale pikipiki za wachimbaji zinapopita na magunia, nikaokota yaliyokuwa karibu. Mengine yalikuwa ya kijani, rangi ya mawe yenye shaba. Jamani, kwetu jiwe la kijani ni kitu cha kawaida, watoto wanachezea! Sikufikiri hata kidogo.

Katikati ya ziwa, boti ya askari ikatusimamisha. Kwa kawaida wanachungulia, wanachukua samaki wawili watatu, wanasema "pita". Siku hiyo tulikuwa tunarudi, hatukuwa na samaki. Komanda wao akaona mawe.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni majibwe tu ya kutuliza bwato, komanda. Upepo iko mingi."

"Na ya kijani njo inatuliza muzuri kupita ingine?" Wenzake wakacheka.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Mwalimu wetu wa civisme, somo la uraia, alitufundisha kwamba anayekupekua aonyeshe ordre de mission, yaani karatasi iliyomtuma kazini. Akikukamata na kitu, aandike PV, yaani hati rasmi ya yale aliyoyakuta, usomewe kabla ya kutia saini, na uombe nakala. Nilikuwa nimeandika yote hayo katika daftari na kupiga mstari chini yake. Nikasema kwa heshima, "Samahani komanda, tunaomba kuona ordre de mission. Na kama unakamata majibwe, uandike PV." Mama akanifinya paja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Komanda akanigeukia. "Nani alikufundisha ile maneno?"

"Mwalimu wetu."

"Muzuri sana. Unataka karatasi, utapata karatasi."

Ordre de mission hatukuiona. Aliandika PV juu ya goti lake, akamshika mama kidole, akakipaka wino na kukigandamiza chini ya karatasi. Mama hajui Kifaransa. Nilipopewa nakala na kuisoma, ilisema wamekuta madini yaliyofichwa chini ya nyavu. Nyavu! Siku hiyo hatukubeba hata wavu mmoja. Wakaufunga mtumbwi nyuma ya boti yao, wakatushusha kwenye kituo chao, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni mama alisema, "Kila siku banakamata samaki, banatuacha tunapita. Weye ulitaka karatasi. Ile karatasi, batoto batakula?"

Wanawake waliokuwa nyuma yetu katika mitumbwi yao waliona kila kitu. Leo wanasema hawakuona. Wakikutana nami sokoni wananiita Avoka, yaani wakili. "Avoka, kuya utubebee samaki ku kichwa!" Wanacheka, na mama anasikia.

Sasa komanda ametuma ujumbe. Mtumbwi utarudi iwapo mama ataleta barua, kwa Kifaransa kizuri, ya kukiri kwamba alibeba madini ya wizi na kuomba msamaha. Mwisho ni Jumatatu. Mama amekubali. Ameniwekea kalamu mbele yangu akasema, "Ulijua kusema, sasa ujue kuandika."

Nilikwenda kwa mwalimu. Akasema nisiandike, kwa sababu kwa barua hiyo wataweza kumfunga mama siku yoyote wakitaka. Akasema tuchukue nakala ya PV twende kwa mwendesha mashtaka mjini. Nikamwomba atusindikize. Akaangalia chini. "Mi niko na batoto, binti yangu." Nilirudi nyumbani nikilia. Mtu anawezaje kukufundisha jambo ambalo yeye mwenyewe anaogopa kulifanya?

Nimeisoma ile nakala mara nyingi. Mahali pa namba ya ordre de mission hapakuandikwa kitu. Na jana kisimani, mama mmoja kati ya wale walioona alinisogelea akasema polepole, "Kama mama yako anaenda mujini, nitaenda kusema ile niliona. Kama haendi, mi sikukuambia kitu." Hiyo ndiyo nguvu yote niliyo nayo. Nimemwambia mama. Amejibu kwamba maneno ya kisimani hayavushi samaki.

Leo ni Jumamosi. Karatasi iko mbele yangu, nimeandika tarehe tu. Nikikataa, wadogo zangu watalala njaa kwa sababu yangu mara ya pili. Nikikubali, mkono wangu mwenyewe utakuwa umeandika kwamba mama yangu ni mwizi, na najua si kweli, maana mawe yale niliyaokota mimi.

Ndugu zangu, nimwandikie mama barua hii, au nimbembeleze twende mjini? Wanaojua sheria waanze kunijibu. Wengine mtanicheka baada ya Jumatatu.