Picha Iliyosimama, Kioo Kilicholala

Alhamisi, tarehe tisa Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na kusi ikibamiza dirisha la ukumbini. Hapakutoka jua hata la kuanikia kanga.

Leo nilitaka kumweka mama kwenye kioo cha kompyuta. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukisema mimi na dada, "kumweka mama", kana kwamba yuko mahali anangoja. Marehemu hakupenda kupigwa picha. Iliyobaki ni moja tu, aliyoipiga dada kwa simu mwishoni mwa ugonjwa, amekaa kitandani na kikombe cha chai mkononi. Simu yenyewe ilikufa zamani. Picha imepita simu kwa simu hata imekuwa ndogo.

Mwalimu wa bara, mpangaji wetu wa chini, alipanda kunisaidia. Alinieleza polepole, nami nilielewa, au nadhani nilielewa.

"Skrini yako ni kumi na sita kwa tisa," alisema. "Picha ya mama ni tisa kwa kumi na sita."

"Si hesabu ile ile?"

"Ni ile ile, mzee, lakini moja imelala, nyingine imesimama. Chagua: tuikate, tuivute, ama tuiache katikati."

Tukakata. Mikono ikapotea na kikombe chake, na uso ulipokuzwa macho yakawa miraba mitupu. Nikasema basi. Tukavuta, ikajaa kioo chote. Dada alikuwa akipita na sinia ya mchele anaochagua. Akasimama.

"Ndiye," akasema. "Huyo ndiye mama."

Mashavu yalikuwa yamejaa, mabega mapana. Kompyuta ilikuwa imemnenepesha, imemrudisha alivyokuwa kabla ya kuugua. Kikombe nacho kilikuwa kama bakuli, lakini dada hakutazama kikombe.

"Si yeye," nikamwambia. "Amevutwa."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, kaka. Nimeishika mifupa yake. Niachie huyu."

Ni kweli. Yeye alimwogesha, mimi nilikuwa nikisimama mlangoni nikiuliza kama maji yatosha. Sijui hata sasa kama nilikuwa nikitetea ukweli au ubishi wangu tu. Nikamwomba mwalimu aiache katikati, nzima. Mama akarudi mwembamba, mdogo, weusi upande huu na weusi upande ule.

Dada aliweka sinia chini.

"Umemtia mwanandani mara ya pili."

Mwalimu akauliza mwanandani ni nini. Nikamweleza: ule mfuo mwembamba ndani ya kaburi, maiti hulazwa humo kwa ubavu. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akasema pole, akashuka kwake.

Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Nakumbuka kuta zilivyokuwa karibu. Sikuweza tena kuutazama ule weusi.

Basi nikairudisha iliyovutwa, kama alivyotaka dada. Nilikaa mbele yake mpaka adhana ya magharibi, nikafumba macho nimtafute yule mwembamba, yule wa kweli. Akaja huyu mnene, na kikombe chake kama bakuli. Nikajaribu tena, akaja huyu huyu.

Tulikula wali wa dada kwa mchuzi wa samaki tasi. Wali ulikuwa umeungua chini. Tukaumaliza.