Tsiala hugombana ndani ya mtungi ili atoke hai

Saa mbili asubuhi, Tsiala Lobjanidze amelala kifudifudi kwenye udongo wenye umande, kichwa kimeinama juu ya mdomo wa mtungi wa divai uliozikwa ardhini, mkubwa wa kuingia mtu mzima, akiteremsha mshumaa kwa uzi. Mwali unapita shingo ya mtungi, unazidi kuwa mdogo, lakini hauzimiki.

Anaupandisha. Anauteremsha tena. Hii ni mara ya nne.

"Huo mshumaa unautongoza au?" anauliza Varlam Chikvaidze, mwenye shamba, mzee wa miaka sitini na minane ambaye mdomo wake haujui kupumzika.

"Ungekuwa unaingia wewe ungeuteremsha mara arobaini," anajibu Tsiala bila kuinua kichwa.

Siku za kuingia mtungini hanywi hata chai. Ana miaka hamsini na miwili, mabega membamba, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiosha mitungi ya divai katika milima hii ya Racha. Huosha mitungi arobaini kwa msimu, na mkubwa mmoja humpa lari themanini, fedha ya huku.

Kila mtungi humtia hofu. Huu unamtia hofu ya aina yake, kwa sababu ndio uliomuua baba yake.

Shamba la Varlam limeng'ang'ania mteremko juu ya mto Rioni, na baadhi ya kuta zake za mawe zilijengwa na watu ambao hakuna tena anayekumbuka majina yao. Zabibu zake hutoa divai nyekundu yenye utamu wake wenyewe, maana baridi ya mlima huwahi kukatiza uchachukaji kabla haujaimaliza sukari. Divai hiyo hulala mtungini ardhini hadi majira ya kuchipua.

Mwezi wa tatu mwaka huu ardhi ilitikisika kidogo, mitungi miwili ya Varlam ikapasuka. Ukabaki ule mkubwa, uliofunikwa kwa bamba la jiwe kwa miaka thelathini na moja. Mavuno ni Jumamosi. Leo ni Jumanne. Usipooshwa, zabibu hazina pa kwenda.

"Nilimwambia atafute mtu mwingine," anasema Tsiala. "Akaniambia hakuna mwingine anayepita kwenye ile shingo. Ni kweli. Nilikwenda nyumbani nikalia, kisha nikakaza mpini wa brashi."

Baba yake, Pavle, aliingia kwenye mtungi huo akiimba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: wa ndani huimba, wa nje husikiliza, maana zabibu zinapochachuka hutoa hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, hewa inayotambaa chini kama maji na kujaza kila shimo, ikizima mshumaa na pumzi ya mtu. Siku ile kulikuwa na mtungi mwingine jirani uliokuwa ukichachuka. Pavle aliimba beti mbili akanyamaza. Waliokuwa nje walidhani amesahau maneno.

Walipostuka, mdogo wake aliruka ndani kumwokoa. Jioni ile yalichimbwa makaburi mawili.

"Wimbo ni kitu cha hatari," anasema Tsiala. "Mtu akinyamaza katikati ya wimbo, unamsubiri. Lakini mtu akitukanwa asijibu, hapo unajua kuna jambo."

Kwa hiyo yeye haimbi. Yeye hugombana. Na wa kugombana naye ni mmoja tu: Nazibrola, mke wa kaka yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Nazibrola hukaa kwenye kigoda kando ya mdomo wa mtungi, mkono mmoja juu ya kamba, na kumchokoza wifi yake bila kukoma. Uchokozi mmoja ukikosa jibu, anavuta.

Saa mbili na nusu, Tsiala anafunga kamba chini ya makwapa, anajipiga ishara ya msalaba, na kuteremshwa kwa kapi lililofungwa kwenye magogo matatu. Mabega yanakwaruza shingo ya mtungi. Kisha kinaonekana kitambaa cha kichwani tu, kisha hakuna kitu.

"Umefika, we mkavu?"

"Nimefika! Huku kuna nafasi, ila wewe ungekwama makalioni!"

Brashi ya magome ya mti wa mcheri inaanza kukwangua. Ndoo za maji ya majivu zinashuka, za maji machafu zinapanda. Ndani hakuna mshumaa, maji yangeuzima. Kuna giza, baridi, na sauti yake mwenyewe inayomrudia kutoka pande zote kana kwamba kuna mtu mwingine humo.

"Harusi yangu ulikuja na viatu vya kuazima!" anapaza Nazibrola.

"Vya kuazima lakini vilinitosha! Wewe gauni lilikushinda mbavuni, ukapumua kama samaki mpaka padri akakuonea huruma!"

Varlam anacheka mpaka anashika magoti. Tangu asubuhi amekuwa akicheka kuliko kawaida yake, na kila mara anatupa jicho upande wa juu, nyuma ya kibanda.

Karibu saa nne upepo unakufa. Majani ya mizabibu yanasimama tuli. Nazibrola anakuna shingo, anatafuta neno jingine, na anachukua lile la siku zote, ugomvi wa miaka thelathini ambao kijiji kizima kinaujua.

"Na mkate wako wa maharage ni mkavu kama kigae! Kaka yako mwenyewe huula wangu!"

Brashi inakwangua mara moja, mara mbili.

"Kweli, wifi," inajibu sauti kutoka chini, taratibu, laini. "Wako ni mtamu zaidi."

Uso wa Nazibrola unapauka. Hajawahi kusikia maneno hayo tangu aolewe.

"Vuta! Varlam, vuta!"

"Si amejibu?"

"Amekubali! Vuta!"

Kamba inakaza. Mzigo ni mzito, haujisaidii. Varlam anaiachia, anakimbilia ngazi. "Naingia!"

"Uingie halafu nimvute nani, wewe au yeye? Rudi kwenye kamba!"

Anarudi. Wanavuta wote wawili, kapi likilia, mpaka kitambaa kinatokea, kisha paji la uso, kisha midomo iliyoingia rangi ya zabibu. Wanamlaza kwenye nyasi za juu, uso kwenye jua. Nazibrola anampiga mashavuni huku akimwita majina yasiyoandikika gazetini. Tsiala anatapika, anakohoa, anafungua macho.

Mshumaa uleule sasa unateremshwa tena. Unazimika kabla haujapita shingo.

"Nani anachachusha?" anauliza Nazibrola. "Varlam! Nani anachachusha hapa?"

Varlam anavua kofia.

Nyuma ya kibanda, chini ya mabua ya mahindi, kuna mtungi mdogo unaobubujika. Kijiji hiki huchagua siku moja ya kuanza kuvuna, na anayewatangulia majirani hutazamwa kama mwizi. Lakini mwaka jana mvua ya mawe ilimlia Varlam nusu ya shamba, na Jumapili aliona wingu. Akachuma vikapu sita kwa siri, akavikanyaga, akafunika. Aliogopa aibu, hakusema. Upepo ulipokufa, hewa ile ilishuka mteremko ikatafuta shimo la karibu.

"Nilidhani ni mtungi mdogo tu," anasema, na hawezi kumtazama mtu.

"Hata ule wa siku ya baba ulikuwa mdogo tu," anajibu Tsiala.

Baadaye, akiwa amejifunika blanketi, anaulizwa alijisikiaje humo ndani.

"Vizuri," anasema. "Nilijisikia vizuri sana. Nilimpenda kila mtu. Hicho ndicho kitakachoninyima usingizi."

Jumatano anazunguka nyumba kumi na tisa akiomba jambo moja: kila mtungi unaochachuka ufungiwe kitambaa chekundu kinachoonekana kutoka njiani, aibu au si aibu. Varlam ndiye anayefunga wa kwanza, mchana kweupe, mbele ya majirani wote. Kisha anaukomba mtungi wake mdogo hadi tone la mwisho na kumwaga yote mtoni.

Tsiala anataka kununua mashine ya kupuliza hewa mtungini kabla ya msimu ujao. Na majira ya kuchipua mtungi mkubwa ukifunguliwa, anataka kikombe cha kwanza. "Nusu nitamwagia kaburi la baba. Nusu nitakunywa mwenyewe, nijue ni ladha gani iliyomchukua."

Lakini kwanza lazima umalizike kuoshwa. Alhamisi, saa mbili asubuhi, mshumaa unashuka mara saba. Upepo upo. Kamba inakaza, kitambaa cha kichwani kinazama.

Nazibrola anafungua mdomo kumchokoza, sauti haitoki. Anauma pindo la aproni. Kimya kinapita, kirefu kuliko anavyoweza kuvumilia, na vidole vyake vinaikaza kamba.

"We wifi!" inanguruma sauti kutoka chini. "Umelala? Ule mkate wako..."

"Umefanyaje?"

"Mkavu! Mbwa wa Varlam ameusukuma kwa pua akaondoka!"

Nazibrola anafuta macho kwa mkono usioshika kamba.

"Endelea," anasema. "Endelea hivyo hivyo."