Nasubiri Kusikia Kutoka Kwenu

Barua yangu ya kuomba kazi ya stoo kwenye kampuni moja ya mgodi ilichapwa Nyasubi, Kahama, na dada mmoja wa steshenari aliyekuwa akichapa huku anatafuna karanga. Mimi nilitaka imalizike kwa asante. Akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, barua ya kazi haiishii hivyo." Akagonga: I look forward to hearing from you.

"Maana yake?"

"Unasubiri kwa hamu kusikia kutoka kwao. Inakaa hapo mwisho, juu ya jina lako. Kila mtu anaandika hivyo."

Hiyo ya kila mtu wala sikuitilia maanani. Nilishayapenda yale maneno. Kwetu ukimwambia mtu nakusubiri, akija akakukosa, umemdharau. Sasa mimi nimewaambia watu wa kampuni, tena kwa Kiingereza, kwamba nasubiri, halafu nikapanda basi kurudi Nyarugusu kwenye karasha.

Karasha ni mashine ya kuvunja mawe ya dhahabu, na ukisimama karibu yake husikii hata jina lako. Simu niliiweka mfuko wa shati, kifuani, ikitikisika nijue. Lakini karasha linatikisa kila kitu: ardhi, sufuria, meno. Kila mara nahisi imeita. Natoa, napangusa vumbi, hamna kitu, narudisha. Mawazo yameshafika stoo, nimevaa kofia nyeupe, nagawa mabuti.

"Bwana Stoo!" kaka ninayefanya naye kazi alinipigia kelele sikioni. "Utalitoboa hilo shati!"

Mama nilishamwomba asinipigie mchana, watu wa kazi wasije wakanikosa.

Siku moja nikatoa simu, na kweli inaita. Namba ngeni. Sikufikiri mara mbili, nikazima karasha.

Pale kwetu karasha halizimwi mchana ila mkanda umekatika au kuna msiba. Watu wakaja mbio, mama muuza chai akiwa bado ameshika mwiko. "Nani kafa? Jamani, nani?"

"Haloo," nikasema, kwa sauti ya ofisini.

"Ng'wanone." Mwanangu. Alikuwa mama, kaazima simu ya jirani.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba. Wamepiga wale watu?"

Watu wote wananitazama mdomoni. "Bado, mayu."

"Basi nakata upesi, wasije wakapiga wakakuta unaongea na mimi."

Akakata.

"Hakuna aliyekufa," nikawaambia. "Ni mama. Anauliza kama wamepiga."

Nilingoja matusi. Mama muuza chai akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Kibandani kwangu angalau inasikika. Wakipiga niseme nini?"

"Sema nipo. Nasubiri."

Akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka nayo. Nikawasha karasha. Mfuko mtupu, na bado kifua kikawa kinaita.