Siku ya mwisho Japani: niliagwa mpaka treni ikaniacha

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kabla ya yote, sifa ni kwa Mungu aliyenipeleka mbali katika uzee wangu na akanirudisha Donholm, Nairobi, nikiwa na magoti yangu yote mawili, ingawa la kushoto lina malalamiko.

Haya ninayoandika ni ya kweli. Mimi ni mzee wa kanisa, na uongo wa hapa ungenifuata mpaka Jumapili.

Kwa wasionijua, naitwa Zakaria. Nilikuwa seremala wa reli, nikitengeneza viti na milango ya mabehewa mpaka nikastaafu. Tangu ujana nilisikia kwamba Wajapani hujenga kwa mbao bila kutumia msumari, nikatamani kuona kwa macho yangu kabla Bwana hajaniita.

Watoto wakachanga, wakanikatia tiketi. Mke wangu, Mama Ruth, alikataa kabisa kupanda ndege. Alisema akitaka kukaribia mbinguni kiasi hicho atangoja aitwe rasmi. Basi nikaenda peke yangu.

Najua kuna atakayeuliza mzee wa kanisa alifuata nini kwenye mahekalu. Ndugu, niliyatazama kwa macho ya seremala. Magoti nilirudi nayo.

Ningeweza kuwasimulia mengi, lakini leo nataka siku ya mwisho tu, kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Kwanza mjue kilichokuwa kinaningoja nyumbani. Binti yetu Ruth alikuwa amejaliwa mtoto wa kiume, na ubatizo ulipangwa Jumapili. Babu zake wawili sote tulitaka mtoto aitwe jina letu. Tulivutana mpaka Ruth akachoka, ikakubaliwa hivi: babu atakayemshika mtoto mbele ya mchungaji ndiye atakayetaja jina. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kwa umri, nafasi ikawa yangu. Nikikosekana, inaenda kwa Mzee Barasa.

Mzee Barasa ni baba mkwe wa Ruth, anakaa Komarock. Mtu mwema, mcha Mungu, jina lake la ubatizo Nikodemo. Siku naondoka alinishika mkono na kuniambia:

"Tembea tu, mzee mwenzangu. Usiharakishe kitu. Ukichelewa, Nikodemo mdogo atakupokea mlangoni akiwa ameshalowa."

Ndege yangu ilikuwa ya kunifikisha Nairobi Jumamosi. Niliona nina nafasi ya kutosha.

Sasa turudi Japani.

Nilikuwa nimefikia nyumba ya wageni ya kizamani, katika mji mdogo wa milimani. Milango ya karatasi, mikeka ya kulalia chini, nguzo za mbao zilizoungana kana kwamba ziliota pamoja. Mwenye nyumba aliitwa Bi Sachiko, mjane aliyenizidi umri, mgongo umepinda kidogo lakini anainama kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mimi nilimwita Mama. Tulizungumza kwa programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu yangu.

Siku niliyofika nilimpa pakiti ya majani chai. Akapokea kwa mikono miwili. Jioni nikakuta chumbani bakuli la biskuti za mchele.

Wakuu, kwetu Magharibi mwa Kenya chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikamrudishia bakuli likiwa na njugu.

Asubuhi bakuli likarudi na machungwa. Nikatia kahawa. Likarudi na soksi.

Sikujua kwamba kule nako zawadi haiachwi bila kujibiwa. Tulikuwa kama watu wawili wanaovuta kamba, kila mmoja akidhani anailegeza.

Asubuhi ya mwisho bakuli likaingia na taulo zuri lenye maua. Nikafungua begi langu. Kenya yote ilikuwa imeisha. Kilichobaki ni viatu, Biblia, na leso ambayo Mama Ruth alinitilia nijifunike nikipatwa na baridi.

Nikaikunja leso, nikaiweka kwenye bakuli, nikaliacha mlangoni pake. Kisha nikafunga begi haraka nitoke kabla bakuli halijarudi.

Nje kulikuwa na manyunyu. Teksi ilikuwa imeshafika, na dereva wake amevaa glavu nyeupe kama mtu wa kubeba jeneza. Mlango wa teksi ukafunguka wenyewe. Siku ya kwanza mlango kama huo ulinifanya nikemee pepo kwa sauti, lakini kufikia siku hii nilikuwa nimeshauzoea.

Bi Sachiko akatoka kuniaga. Leso ya Mama Ruth alikuwa ameshaivaa mabegani juu ya kimono. Akafunga mwavuli wake ili ainame vizuri. Nikainama. Akainama tena. Nikainama tena.

Nikamwonyesha kwa mkono aingie ndani, analowa. Hakwenda. Nikatoa simu.

"Mama, tafadhali ingia. Unanyeshewa."

Simu ikasema maneno yake. Akajibu, nayo ikanisomea:

"Nitaingia ukishaondoka."

"Siwezi kuondoka nikuache umesimama kwenye mvua."

"Nami siwezi kuingia kabla hujaondoka."

Hapo nikaona tumefika mwisho wa barabara. Mimi nililelewa hivi: mtu mzima akisimama nje kwa ajili yako, humpi mgongo. Mama yangu mzazi angefufuka anichape. Naye Bi Sachiko, nadhani, alikuwa na mama yake wa kumwogopa.

Nikafikiri, nimalize kwa sala. Kwetu sala ya safari ndiyo hufunga maagano yote. Ukisema Amina, kila mtu anajua aende wapi. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikaanza kuiombea nyumba ile.

Sala yangu fupi, Mama Ruth husema inaweza kuivisha githeri, mahindi na maharagwe makavu. Lakini siku hiyo nilijitahidi. Nilipokaribia Amina nikafumbua jicho moja kidogo.

Bi Sachiko alikuwa ameinama, kichwa chini kabisa.

Nikajua anaomba. Mzee wa kanisa hawezi kumkatiza mtu aliye katikati ya maombi. Nikaongeza. Nikawaombea watoto wake. Nikaombea mlima. Nikachungulia tena: bado ameinama. Nikaombea serikali zetu mbili.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Mama wa watu hakuwa anaomba. Aliona mgeni ameinama, na kwa adabu yao huwezi kuinuka kabla ya mgeni wako. Alikuwa ananingoja mimi, nami nilikuwa namngoja yeye.

Nikachungulia upande wa teksi nipate msaada. Dereva alikuwa ameshuka kuchukua begi, akatukuta hivyo, akaona si vizuri asimame wima peke yake. Naye alikuwa ameinama, glavu zimeshika mapaja.

Watu watatu wazima, kwenye manyunyu, hakuna wa kuanza.

Bwana hutumia chochote. Dereva akapiga chafya. Sote tukashtuka tukainuka pamoja, na chafya ile ndiyo iliyokuwa Amina yetu.

Nikaingia kwenye teksi. Nikageuka kutazama nyuma. Bi Sachiko alikuwa katikati ya barabara, anapunga mkono. Nikafungua mkanda, nikapiga goti juu ya kiti, nikampungia kupitia kioo cha nyuma. Dereva alinitazama kwenye kioo chake, akaendelea kuendesha.

Tulipofika kwenye kona, dhamiri ikanisumbua. Je, ameingia ndani, au bado ananyeshewa? Nikamgusa dereva begani, nikamwonyesha ishara asimame kidogo nichungulie tu.

Wakuu, dereva akaelewa kwamba nimesahau kitu. Akaweka gia ya nyuma, akaturudisha kinyumenyume, barabara nzima, mpaka mlangoni.

Bi Sachiko bado alikuwa pale. Alipotuona akadhani nimerudi kwa sababu nina njaa. Akainua kidole kimoja, akaingia ndani mbio za kizee, akatoka na kisanduku cha mbao kimefungwa kwa kitambaa. Chakula cha njiani.

Chombo kingine, wakuu.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikatoa simu, nikamuuliza jambo lililokuwa linanitatiza:

"Mama, kwa nini unasimama mpaka mwisho?"

Akasema, na simu ikanisomea polepole:

"Wageni wengi hawarudi. Na mimi ni mzee. Kwa hivyo kila mmoja namtazama mpaka asionekane tena."

Nilikuwa nimevuka bahari kutazama mbao. Nikainama, safari hii bila kuchungulia, na nikainuka wa kwanza. Nikaondoka nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba hilo ndilo alilokuwa anangoja.

Mvua ilikuwa imeongezeka. Au ni macho yangu, sijui.

Tukafika kituoni, treni inaondoka.

Mimi nimekula mkate wa reli miaka mingi. Treni zetu zilikuwa na huruma, ukimpungia dereva unapata rehema. Ile ya kule nilikimbia nayo sambamba kama kijana, nikapunga kofia, nikapaza sauti kwa Kiswahili na Kibukusu. Haikunijua.

Nikangoja nyingine. Uwanja wa ndege nikakuta wameshafunga kupokea abiria wa ndege yangu. Dada wa kaunta alinipa pole kwa kuinama sana, na nikajishika nisimjibu, maana niliona tunaanza upya. Wakanitafutia njia ya kuzunguka, ndege ya kesho yake. Kufika Nairobi: Jumapili asubuhi.

Nikampigia Mama Ruth.

"Treni imekuacha vipi, wewe mtu wa reli?"

"Nilikuwa naagwa."

"Tangu lini?"

Nililala kwenye viti vya uwanja. Usingizi ulipokataa nilifungua kile kisanduku. Ndani kulikuwa na mpira wa wali, na katikati ya wali tunda chachu lililonifanya nitubu hata dhambi ambazo sijafanya. Lakini nilishukuru. Nikakigeuza kisanduku nikitazame vizuri. Pembe zimeshikana jino kwa jino, hakuna msumari hata mmoja.

Jumapili nikatoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka kanisani, suti imejikunja, begi mkononi. Niliingia wakati mchungaji ameshatia vidole kwenye maji. Mzee Barasa amesimama mbele, amembeba mtoto, tai nyekundu, uso umejaa Nikodemo.

Waumini wakageuka. Barasa akageuka. Akaniona nilivyo, na lazima niseme ukweli juu ya mtu huyu: uso wake ukabadilika.

"Mzee, umetoka mbali hivyo," akasema. "Njoo umshike mjukuu wako."

Wakuu, hapo ningenyoosha mikono tu, na leo nyumba ingekuwa na Zakaria mdogo. Lakini mgongo wangu ulikuwa bado uko Japani. Nikainama.

"Hapana, mzee mwenzangu. Wewe ndiye uliyekuwepo. Endelea."

"Siwezi kuendelea nawe umesimama hapo na begi."

"Nami siwezi kukunyang'anya mtoto mbele ya kanisa."

"Basi nakupa, hujaninyang'anya."

Akanipa mtoto. Nikamrudishia. Akanipa tena. Vidole vya mchungaji vilikuwa vinadondosha maji kwenye zulia. Mtoto alikuwa anatutazama kwa zamu.

Ruth akainuka kutoka kiti cha mbele.

"Baba. Na wewe Baba. Nipeni mtoto wangu."

Tukampa.

"Ataitwa Yohana," akasema, na mchungaji hakungoja maoni.

Kwa kuwa mimi naitwa Zakaria, kama yule aliyekuwa bubu mpaka mtoto wake alipoitwa Yohana, wasomaji wa maandiko wataelewa kwa nini mchungaji alicheka mpaka karibu apige chafya, na kwa nini mimi nilifunga mdomo wangu mapema.

Jioni tulikula pamoja nyumbani. Barasa alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka kwenye geti, nikasimama nikipunga mkono mpaka gari lake likapotelea kwenye barabara ya Outer Ring.

Mama Ruth akaniuliza kutoka mlangoni, "Unamchunga asirudi?"

Halafu akauliza leso yake iko wapi. Nikaenda kufunga geti, lakini swali limeulizwa tena leo asubuhi.

Nilichojifunza, ndugu zangu, ni kwamba heshima ni mlango wa watu wawili, na mmoja lazima akubali kupita kwanza. Wakati mwingine kumpa mtu mgongo ndiyo zawadi anayoingoja.

Kisanduku cha Bi Sachiko kiko juu ya kabati. Hakiwezi kurudi kitupu, na mimi nimeshaanza kuangalia cha kutia. Mama Ruth anasema nikijaza nikituma kitarudi, na tutazikwa tukiwa bado tunatumiana. Mimi naona si njia mbaya ya kungoja.

Picha msiulize, mikono ilikuwa inapunga. Lakini niambieni: nyinyi mngetia nini? Na wewe, umewahi kuponzwa na adabu? Andika hapa chini, nitasoma yote polepole, kwa miwani.

Mungu akulinde wewe uliyesoma mpaka hapa. Kila utakapoondoka, awepo mtu mlangoni wa kukutazama mpaka usionekane, na kila utakaporudi, umkute bado yupo. Amina, na tafadhali inueni vichwa.